Mtaka yote hukosa yote, hata katika karata

HUENDA mwanao amekuomba pesa za kununua pakiti ya karata zenye picha za mazimwi na wachawi, nawe ukaguna. Au huenda ni wewe mwanafunzi unayejinyima chakula cha mchana ukiamini kuwa karata ya bei ghali ndiyo itakayokupa ushindi. Mpenzi msomaji, kabla pesa hazijatoka mfukoni, yafaa ujue jambo moja: katika mchezo huu, mshindi aghalabu ni yule aliyejua karata za kuacha.

Mchezo wenyewe ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na mtaalamu wa hisabati Mmarekani, Richard Garfield, na kuanza kuuzwa mwaka wa 1993. Katika karata tulizozoea, wachezaji wote hutumia jozi moja ya karata 52. Hapa kila mtu huja na jozi yake mwenyewe, aliyoichagua kutoka kwa maelfu ya karata. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai, na kazi yake ni kummaliza mwenziwe kwanza. Kwa hivyo, nusu ya vita hupiganwa nyumbani, kabla hujauona uso wa mpinzani.

Sheria ya kawaida ya mashindano yasema jozi isipungue karata 60, wala karata moja isizidi nakala 4, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Hakuna anayekukataza kuweka karata 100. Hapo ndipo wanagenzi wengi hunaswa, kwani kila karata huwavutia. Lakini hebu tupige hesabu. Ukiwa na nakala 4 za karata uipendayo katika jozi ya 60, utaipata kati ya karata 7 za mwanzo takriban mara 40 katika kila michezo 100. Ukiifanya jozi iwe ya 100, utaipata mara 25 hivi tu. Kila karata ya ziada huifukuza ile nzuri mbali na mkono wako.

Jambo la pili ni ardhi. Karata za ardhi hutoa mana, yaani nguvu za kulipia karata nyingine, nawe unaruhusiwa kuteremsha ardhi moja tu kila zamu. Wengi huziona hazina ladha, wakazipunguza ili wapate nafasi ya mazimwi. Matokeo yake ni kukaa na zimwi la mana 6 mkononi huku mwenzako akikucharaza. Ndiyo maana jozi nyingi za karata 60 huwa na ardhi kama 24. Ukiweka 12 pekee, zaidi ya nusu ya michezo yako utaianza ukiwa na ardhi moja au huna kabisa.

Hayo yalidhihirika mwaka wa 1996 huko Atlanta, Marekani, katika mashindano ya mchujo ya kutafuta nafasi kwenye Pro Tour, mashindano makubwa ya mchezo huo. Mchezaji aitwaye Paul Sligh alifika na jozi iliyobuniwa na Jay Schneider. Ungeitazama, ungecheka. Ilijaa karata za kudharauliwa kama Ironclaw Orcs, kiumbe wa mana 2 asiyeweza hata kumzuia mpinzani mwenye nguvu 2 au zaidi. Hata hivyo, Sligh alimaliza wa pili.

Siri ilikuwa nini? Schneider alizipanga karata kwa gharama: za mana 1 ngapi, za 2 ngapi, za 3 ngapi, ili kila zamu pawe na la kufanya na mana isilale bure. Kando ya vile viumbe vinyonge aliweka karata kali za bei nafuu ya mana, kama Lightning Bolt, ambayo kwa mana 1 tu humpokonya adui pointi 3. Waliobeba mazimwi walijikuta wameumia kabla hawajayateremsha. Hadi leo jozi za namna hiyo huitwa kwa jina la Sligh.

Simaanishi kuwa karata ghali hazina maana. La hasha! Zipo zinazostahili bei yake. Lakini karata haiwezi kukusaidia ikiwa huwezi kuilipia, au ikiwa imezikwa chini ya nyingine 99.

Basi, mzazi, usikimbilie dukani kununua pakiti zilizofungwa, ambazo hujui ndani mna nini. Kateni vipande 60 vya karatasi, mwandike "ardhi" kwenye 24, na kwenye vilivyobaki mwandike gharama, kuanzia 1 hadi 6. Vichangeni, mchote 7, kisha mwendelee kuchota kimoja kila zamu. Fanyeni hivyo mara 10, mkiandika ni zamu ngapi mlikaa bila la kufanya. Punguzeni gharama kubwa, mjaribu tena.

Nawe mwanafunzi, ukishindwa kuieleza kazi ya karata fulani kwa sentensi moja, itoe. Hiyo karatasi haikugharimu chochote, na itakuonyesha ni karata zipi, kama zipo, zinazostahili pesa zako.