Gharama ya Ajali za Barabarani: Mfano wa Jimbo la Victoria, Australia

Mwaka 1969 watu 1,034 walikufa kwa ajali za barabarani katika Victoria, jimbo lililoko kusini-mashariki mwa Australia ambalo makao yake makuu ni Melbourne, na mwaka uliofuata idadi hiyo ilipanda hadi 1,061, ingawa jimbo zima lilikuwa na wakazi wasiofika milioni nne. Gazeti la The Sun la mjini Melbourne lilianzisha kampeni ya kutangaza vita dhidi ya namba hiyo ya 1,034, na tarehe 22 Desemba 1970 Victoria ikawa ya kwanza duniani kutumia sheria inayomlazimisha dereva na abiria kufunga mkanda wa usalama. Mwaka 1971 vifo vilishuka hadi 923.

Sheria hiyo haikuzuia magari kugongana. Ilichobadilisha ni yale yanayoupata mwili baada ya kugongana, kwa sababu gari linaposimama ghafla aliyemo ndani huendelea kwenda kwa kasi ileile mpaka azuiwe na kitu, kiwe usukani, kioo cha mbele au kiti kilicho mbele yake. Mkanda humzuia mapema, huutawanya mshtuko juu ya mifupa imara ya nyonga na kifua, na hurefusha kidogo muda wa mwili kusimama, na muda huo mfupi mno ndio aghalabu huamua iwapo mtu atatoka na michubuko au hatatoka kabisa.

Pombe ilikuwa shida ya namna nyingine. Tangu 1966 dereva wa Victoria hakuruhusiwa kuwa na zaidi ya gramu 0.05 za kilevi katika kila mililita 100 za damu, lakini kikomo hicho kilikuwa na nguvu ndogo maadamu polisi walihitaji kwanza sababu ya kumshuku mtu. Mwaka 1976 walipewa mamlaka ya kumsimamisha dereva yeyote, mlevi na asiye mlevi, na kumtaka apulize kwenye kifaa kidogo akiwa bado ameketi nyuma ya usukani. Nguvu ya mpango huo haikuwa katika idadi ya walevi waliokamatwa, bali katika hesabu anayoipiga mtu kabla hajaondoka kwenye baa, akijua kwamba hata akiendesha kwa uangalifu mkubwa anaweza kukutana na kizuizi njiani.

Hata hivyo, mwaka 1989 watu 776 walikufa, na hapo ndipo palipotokea hatua ambayo wanaojali usalama wa barabara wanapaswa kuitazama kwa makini zaidi, nayo ilihusu fedha. Miaka miwili kabla, jimbo lilikuwa limeunda Tume ya Ajali za Usafiri, ambayo hukusanya tozo pamoja na ada ya usajili wa kila gari, kisha humlipia majeruhi matibabu, mazoezi ya viungo na matunzo, pengine kwa maisha yake yote, bila kujali nani alikuwa na makosa. Gharama zilizokuwa zimetawanyika, nyingine zikibebwa na hospitali, nyingine na bima, na nyingine na mama aliyeacha kazi ili amuuguze mwanawe, zikaanza kuonekana katika daftari moja. Anayelipa bili yote ana sababu ya kutaka ipungue, na kwa hiyo tume hiyohiyo ikagharimia mabasi ya kupimia kilevi, kamera za mwendokasi na matangazo ya televisheni yaliyoonyesha majeraha bila kuyapamba. Kufikia 1992 vifo vilikuwa 396. Haki inadai isemwe pia kwamba uchumi ulikuwa umedorora miaka hiyo, watu wakisafiri na kunywa kidogo, na watafiti waliopima mafanikio hayo waliihesabu sababu hiyo.

Kamera hizo zililenga hata madereva waliozidisha mwendo kidogo tu, jambo lililowaudhi wengi, lakini fizikia iko upande wa kamera. Nishati mwendo, yaani nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu kinakwenda, huongezeka kwa mraba wa kasi, hivi kwamba kupanda kutoka kilomita 60 hadi 65 kwa saa, ambako ni nyongeza ya asilimia 8, huongeza nishati kwa asilimia 17 hivi. Magari mawili yakiwa sambamba kwa kasi hizo mbili, madereva wote wakichukua sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, na breki zikipunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, basi mahali ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linakwenda takriban kilomita 30 kwa saa. Mtoto aliyesimama hapo anaguswa na gari moja tu kati ya hayo mawili.

Baada ya 1992 vifo viliendelea kushuka kwa miaka mingi, lakini katika miaka ya hivi karibuni vimepanda tena, vikikaribia 300 mwaka 2023, na sehemu kubwa hutokea nje ya Melbourne, kwenye barabara za mashambani ambako magari hupishana kwa kilomita 100 kwa saa yakitenganishwa na mstari wa rangi tu. Kwenye baadhi ya barabara hizo zimefungwa nyaya nene za chuma zilizokazwa juu ya nguzo nyembamba: gari linapoacha njia nguzo huvunjika kwa makusudi, na nyaya hunyumbuka zikilirudisha taratibu. Kuzifunga kila mahali ni ghali, na kushusha mwendo hadi kilomita 80 kunapingwa na wakazi ambao tayari husafiri mbali kufika shuleni au hospitali, na malalamiko yao yana msingi. Lakini uzio hulipiwa mara moja na kukarabatiwa pale unapogongwa, ilhali kijana wa miaka 20 aliyevunjika uti wa mgongo huweza kuhitaji muuguzi kwa miaka 40 au 50, na malipo hayo tayari yamo katika ada wanayotozwa wenye magari wote.