Kwa Baiskeli Kutoka Gede Hata Bonde la Sabaki

Wasomaji wetu, na khasa wazee wenye vijana majumbani, bila shaka wamekwisha kuziona baiskeli hizi za magurudumu manene zinazopita siku hizi katika njia zetu. Wenyewe huziita baiskeli za milima. Zilizuka Marekani, katika vilima vya California, katika miaka ya 1970, pale vijana waliposhika baiskeli kuukuu wakateremka nazo njia za mawe kwa mchezo tu. Kisha mchezo ukakua, yakafanywa mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 1990, na mwaka 1996 ukaingizwa katika Olimpiki ya Atlanta. Sisi hapa pwani hatuna milima ya kutajika, lakini tuna mchanga, na aliyewahi kuukanyaga mchanga wa Sokoke hatouliza khabari za milima.

Katika mwezi wa Rajabu 1446, yaani Januari 2025, vijana sita wa madrasa moja ya Malindi walitujia wakiomba tuwasindikize kwa baiskeli hizo kwenda magofu ya Gede, kisha wavuke msitu wa Arabuko-Sokoke, watokee Jilore katika bonde la mto Sabaki, na jioni warudi mjini. Khabari ilipofika barazani, wazee wawili waliikataa. Mmoja alisema kuwa huo ni upuuzi wa Kizungu; wa pili alisema kijana akizoea mwitu hukizira kitabu. Nasi, tukisema kweli, moyo wetu ulikuwa upande wao.

Kilichotugeuza ni jambo dogo. Tuliwauliza vijana wale ni nani kati yao aliyewahi kufika Gede, akakosekana hata mmoja. Tukawauliza wale wazee wawili. Mmoja alifika alipokuwa mtoto, na wa pili, ambaye ana miaka zaidi ya sabini na amezaliwa Malindi, hakufika kabisa. Na Gede ni kiasi cha kilomita 16 tu kutoka Malindi! Qur'ani Tukufu imetuhimiza katika sura nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi, na alishindana mbio na Bibi Aisha. Basi ikawa hatuna hoja tena, tukaazima baiskeli, tukatoka baada ya sala ya alfajiri.

Ama Gede, ulikuwa mji wa Waislamu wenye mali. Ukuta wake wa nje umezunguka kiasi cha ekari 45, na ndani yake mna msikiti mkubwa wa Ijumaa, misikiti mingine midogo, jumba la mtawala, na nyumba za mawe zenye vyoo na ghala ndani. Serikali iliutangaza kuwa mahala pa kumbukumbu mwaka 1927. Mtaalamu James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948 na kazi yake ikachukua miaka kumi. Na mwezi wa Julai 2024 UNESCO imeuingiza katika Urithi wa Dunia. Nyumba nyingine zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani: moja ni Nyumba ya Mkasi, nyingine Nyumba ya Taa ya Chuma, na nyingine ya Bakuli la Kauri. Kauri hizo zilitoka China. Watu waliokula katika sahani za China na kuzikwa chini ya makaburi ya nguzo hawakuwa watu wa kupuuzwa, na ajabu ni kuwa Wareno waliokaa Malindi, mwendo wa saa chache kwa miguu, hawakuutaja mji huu katika maandishi yao kwa jina tunaloujua sisi.

Vijana walisimama zaidi mbele ya kaburi moja lenye taarikhi iliyochongwa, nayo ni mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399 Miladia. Mmoja wao akapiga hesabu kwa kidole mchangani, akasema, "Miaka mia sita na arubaini na nne, mwalimu." Hapana aliyecheka baada ya hapo.

Tulipoingia msikitini, mwingine akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Mwalimu, huu ungali msikiti?" Paa limeanguka karne nyingi zilizopita, na imebaki kibla, nguzo, na mlango ambao juu yake pamechongwa ncha ya mkuki. Tukamjibu kuwa katika madhehebu yetu ya Kishafi msikiti uliowekwa wakfu hautoki katika usikiti wake kwa kubomoka. Ukiwa na paa au usiwe nalo, ni msikiti. Papo hapo wote wakavua viatu. Mlinzi alituruhusu, tukatawadha kwa maji ya chupa zetu, tukasali rakaa mbili za kuuamkia msikiti juu ya sakafu ile ile.

Nje ya ukuta wa msikiti kipo kisima, na kisima hicho kimezidishwa kina na wenyewe baada ya kuchimbwa mara ya kwanza. Wataalamu wamelitia jambo hilo katika sababu za mji kuhamwa katika karne ya 17: maji yalikuwa yakishuka, na watu wakiyafuata chini. Wametaja na vita pia, Wazimba waliopita mwaka 1589, na Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo, waliokuja kutoka kaskazini. Lakini vijana wetu walichungulia kile kisima kikavu wakanyamaza, nasi tukaona somo hilo linawatosha. Tulipotoka, chupa zetu zilikuwa nusu. Maduka ya Gede yalikuwa wazi, nasi tukasema Jilore si mbali. Kosa hilo ni letu sisi wakubwa, vijana hawamo.

Saa nne ya mchana tuliingia msituni pamoja na mtembezaji, kijana wa Kigiriama mwenye baiskeli yake, kwani humo mna ndovu na nyati, na haifai mtu kuingia bila ya mwenyeji. Arabuko-Sokoke una kiasi cha kilomita za mraba 420, nao ndio msitu mkavu wa pwani ulio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika Afrika ya Mashariki. Upande wa baharini udongo wake ni wa kijivu, na miti imechanganyika, mbambakofi ikiwamo. Katikati kuna mchanga mweupe wenye mirihi iliyosimama mbali mbali na kivuli chepesi. Upande wa magharibi ardhi ni nyekundu, na miti ni mifupi iliyosongamana. Katika sehemu ya kwanza tulimwona sengi, mnyama mdogo wa pua ndefu kama mkonga, mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Alipiga mkia majanini, akatoweka. Wengi wa aina yake duniani wamo katika msitu huu.

Tuliona na mengine. Mashina ya miti iliyokatwa karibuni yalikuwako, na mahala palipochomwa makaa. Mtembezaji alituambia kuwa nyumbani kwao hufuga vipepeo, wakauza mabuu yao kwa mpango wa Kipepeo, ulioanzishwa hapo Gede mwaka 1993, ambao huwapeleka nchi za nje katika nyumba za maonyesho. "Mti ukiwa hai unanilisha," akasema, "lakini jirani yangu hana vipepeo." Neno hilo lilitupa fikra kuliko mahubiri mengi.

Kisha ukaja mchanga mweupe. Kuendesha mchangani kuna ilimu yake: hewa ya magurudumu ipunguzwe kidogo, gia iwe nyepesi kabla ya kuingia, uzito uwe nyuma, na usukani usikazwe, uachiwe ujitafutie njia. Tuliambiwa hayo mapema, na tulianguka mara nne kabla ya kuyasadiki. Mwiba mmoja ukatoboa mpira wa mbele wa kijana mmoja, tukautia wa akiba, na akiba ilikuwa ndiyo hiyo moja. Haukupita muda ukatoboka wa pili, na gundi ya viraka ilikuwa imekauka ndani ya kopo lake. Ikawa kusukuma, jua la utosi, na maji yakipungua. Saa nane na nusu tulikuwa watu wanane na lita mbili, adhuhuri hatujaisali, na alasiri ikitukaribia.

Mkubwa wa vijana akasema, "Mwalimu, na tutawadhe kwa haya, na ya kunywa Mwenyezi Mungu atatupa Jilore."

Mdogo wao, wa miaka kumi na minne, alikuwa amekaa chini, midomo imekauka. Akasema kwa haya, "Mimi nikiyakosa haya sifiki."

Mtembezaji wetu, ambaye si Mwislamu, alikuwa akitusikiliza. Akaitoa chupa yake akatunyoshea: "Chukueni yangu mkasali, wazee wangu. Mimi nimezoea."

Tuliona haya, kisha tukasema, "Ahsante sana, ndugu yetu, rudisha chupa yako. Nanyi wanangu, sikizeni. Anayekhofu kiu maji yake ni ya kunywa, na udhu wake ni tayamamu. Wala hatutazami kiu yetu peke yetu. Kiu ya mwenzetu huyu inahisabiwa kama yetu, na mafakihi wameihisabu hata kiu ya mnyama asiye na madhara. Maji haya yatanywewa na sote wanane."

Tukayagawa kwa kifuniko. Ndipo likaja suala la pili, kwani tayamamu katika madhehebu yetu hutaka udongo wenye vumbi, na mchanga mtupu usio na vumbi hautoshi. Kijana mmoja akauteka ule mchanga mweupe, akauachia baina ya vidole. Ukaanguka safi kama sukari, bila ya vumbi hata kidogo. Tukasimama, tukasukuma. Hatujapata kuona watu waliochoka wakienda mbio namna ile kutafuta udongo! Saa tisa na robo ardhi ikabadilika chini ya magurudumu, ikawa nyekundu, na mkono ukipigwa chini vumbi linasimama. Tukapiga mapigo mawili, uso na mikono, tukajipanga kuelekea kaskazini baina ya vichaka. Tulisali rakaa nne kamili, maana safari yetu haikufikia masafa ya kukasiri. Mtembezaji alizilinda baiskeli, na tulipotoa salamu tukamkuta amevua kofia.

Kutoka hapo njia huteremka. Nyumba ya kwanza ya Jilore, mama mmoja mtu mzima alituona tulivyo, hakuuliza jina wala kabila. Alisema tu, "Karibuni, wanangu," akaleta mtungi na kata. Tukanywa, tukatawadha, tukasali alasiri mwembeni kwake. Mbele yetu lilikuwa bonde lote la Sabaki, mahindi na migomba kando ya maji, na mto wenyewe mwekundu kwa udongo. Maji hayo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, yakakutana na mto Tsavo yakaitwa Galana, hata yakifika kwetu huitwa Sabaki, na huingia baharini kaskazini ya Malindi. Ndiyo yanayoitia wekundu ghuba yetu kila mvua ikinyesha bara. Vijana wale wameiona rangi hiyo tangu kuzaliwa kwao, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kuuona mto wenyewe ukiwa baina ya kingo zake.

Baiskeli iliyotoboka tuliipakia katika gari la mahindi, tukarudi kwa njia kuu, na maghribi ilitukuta Malindi. Siku ya pili barazani yule mzee ambaye hakufika Gede alituuliza jambo moja tu, mwaka ulioandikwa kaburini, kisha akauliza kama gari hufika hadi mlangoni. Hufika.

Kwa nyumba zitakazotaka kuwapeleka vijana wao: msiende wakati wa masika, njia za msitu hazipitiki. Malipo ya kuingia hulipwa Gede na msituni mbali mbali. Wenye watoto wadogo na waishie magofuni, panatosha kwa siku nzima. Wavukao msitu wachukue maji lita nne kila mtu, wayajaze tena Gede, wafungue kopo la gundi nyumbani kabla ya kutoka waitazame, na mipira ya akiba isiwe mmoja.