SONDU: SOKO LA MPAKANI LINALOTULISHA SOTE

Wahenga walisema tembea uone. Wengi wetu hapa Kiptere tukisikia neno "utalii" akili hukimbia Mombasa, Lamu au Maasai Mara. Lakini hapo chini tu, safari fupi ya matatu, kuna mji wa soko ambao wazee wetu waliujua tangu utotoni mwao. Mji huo ni Sondu. Katika makala haya nitaeleza kwa nini soko likawa pale, mambo ya kutazama ukienda, na kwa nini sisi vijana tunafaa kulilinda.

Kwa nini Sondu?

Sondu iko mpakani. Upande wa huku ni Soin-Sigowet katika Kaunti ya Kericho, na upande wa pili ni Nyakach katika Kaunti ya Kisumu. Enzi za mikoa, hapo ndipo Mkoa wa Bonde la Ufa ulipopakana na Nyanza. Barabara ya kutoka Kapsoit huteremka ikakutana na ile itokayo Ahero kwenda Oyugis na Kisii. Basi Wakipsigis, Waluo na Wakisii wote hukutana hapo.

Hata hivyo, soko halikuletwa na barabara. Lililetwa na nchi yenyewe. Huku juu ni baridi na mvua. Tuna maziwa, viazi, kabichi na mifugo. Kule chini ni joto. Wana mtama, samaki na vyungu. Mwenye ng'ombe hana chungu, na mwenye chungu hana ng'ombe. Kabla ya pesa kuja, watu walibadilishana nafaka na mifugo, hasa miaka ya njaa. Yaani ukame ukiangamiza mazao ya mmoja, alimtegemea jirani yake.

Mambo ya kutazama njiani

Ukitoka mjini Kericho utapita kwanza mashamba ya majani chai. Kampuni ya Brooke Bond ilifika Kericho katika miaka ya 1920, lakini kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kupanda zao hilo kwa faida yake. Wakulima wadogo walipata nguvu hasa baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Akichuma majani makuukuu, chai haiwi nzuri.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini mvua yetu hupenda kunyesha saa za alasiri? Jua hulipasha joto Ziwa Victoria na nchi inayolizunguka. Hewa yenye unyevu husukumwa kuja milimani, hupanda, hupoa, kisha huwa mvua na mara nyingine mvua ya mawe. Maji hayo huingia katika mito kama Kipsonoi na Yurith, ambayo huungana kuwa Mto Sondu. Mto huo hupita Sondu na kurudi ziwani. Huko Nyakach maji hupitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6 ili kuzalisha umeme katika kituo cha Sondu-Miriu chenye megawati 60, kilichoanza kazi mwaka 2008. Kwa hivyo ziwa hutuletea mvua, nasi tunalirudishia maji. Hakuna anayeweza kusema hamhitaji mwenzake.

Siku ya soko

Siku ya soko fika mapema. Kwenye mnada wa ng'ombe utaona madalali wenye fimbo wakizunguka, wakimshika mnyama nundu na kumchungulia meno. Kwingine kuna omena zinazopimwa kwa gorogoro, nyanya zilizopangwa mafungu, ndizi za Kisii, kamba za katani, mitumba, na vyungu vilivyopangwa chini kwa uangalifu.

Lugha ya pale ni somo tosha kwa chama chetu. Mama wa Kiluo na mteja wa Kipsigis hawajui lugha ya mama ya kila mmoja, lakini hawakwami. "Hii ngapi?" "Mia." "Punguza, mama." "Haya, leta themanini, nitakuongezea kidogo." Mwalimu wa sarufi angekuna kichwa, lakini biashara imefanyika na wote wanacheka. Kogo wangu, yaani nyanya yangu, hakuingia darasani hata siku moja. Kiswahili chake chote alikiokota Sondu akiuza maziwa, na mpaka leo ana mteja wake wa omena anayemwita "dada".

La kusikitisha

Soko hili limewahi kunyamaza. Mwaka 1992 kulikuwa na mapigano ya kikabila, na yakazuka tena mwaka 2022 na 2023. Watu walipoteza maisha na nyumba zikachomwa. Mara nyingi vijana ndio hutangulizwa mbele, wale wale wa rika letu.

Wakati kama huo aliyeathirika si "yule wa upande ule" peke yake. Mwenye maziwa huku hukosa mnunuzi na maziwa yakamgandia mikononi. Mwenye omena kule hukaa nazo mpaka zikaharibika. Sisi tulikula sukuma wiki wiki nzima, na kogo akawa anauliza kila jioni kama dada yake yu salama. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Anayechochea hulala salama kwake, na mwenye kibanda ndiye huhesabu hasara.

Ushauri wangu

Napendekeza chama chetu kifanye safari ya Sondu, na tukiweza tuungane na wanafunzi wa shule moja ya upande wa Nyakach. Kila mmoja aende na daftari, aandike majina ya bidhaa katika lugha tatu, na aulize wazee soko lilikuwaje zamani. Vaa viatu vya matope, beba mwavuli kwa ajili ya alasiri, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Tena ukinunua kitu, usione haya kuuliza bei mara mbili.

Anayemjua jirani yake kwa jina ni vigumu kumwinulia jiwe. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.