Goma: Kabla ya kulaumu moteri, gonga ubao wa nyuma wa boti

Abiria anayepanda boti pale Kituku, mjini Goma, huangalia kwanza kama watu wamejaa kupita kiasi, kisha kama moteri inawaka. Ni wachache wanaoangalia ubao wa nyuma, ule unaobeba moteri yenyewe. Na ubao huo ukiachia katikati ya Ziwa Kivu, moteri inaweza kuzama na kuwaacha watu wakielea bila msukumo wowote.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mapigano yalipokata barabara ya Goma, Sake na Minova mwanzoni mwa 2024, watu na vyakula vikalazimika kupita majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wakiiona kutoka ufukoni. Mwezi wa Aprili 2019 ajali nyingine ilitokea upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alizungumzia watu wapatao 150 waliokosekana. Ajali hizo zilihusishwa na kupakia kupita kiasi, si na mbao zilizooza. Lakini boti iliyojaa ndiyo inayoutesa zaidi ubao wa nyuma.

Sababu ni hii. Moteri ya nguvu za farasi 40 ina kilo 70 hivi ama zaidi, na uzito huo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba pangaboi husukuma kutoka chini, hivyo sehemu ya juu ya ubao inavutwa kwenda nyuma muda wote wa safari. Tena Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, ambako hewa nyepesi huipunguzia moteri nguvu. Mwenye boti akitafuta dawa kwa kufunga moteri kubwa zaidi, ubao ule ule wa zamani ndio unaolipa.

Kwenye boti nyingi za alumini, kuni huwa katikati ya mabati mawili. Maji huingia kupitia matundu ya bolti, na kuni huoza huku bati la nje likibaki linang'aa. Kupaka rangi mpya hapo ni kumpamba mgonjwa. Fundi mzuri hugonga kwa mpini wa nyundo: sauti kavu ni dalili njema, sauti nzito iliyofifia ni mbaya. Halafu hushika moteri kwa mguu wake, huisukuma juu na chini, na kuangalia kama ubao unacheza. Akibaki na shaka, hutoboa tundu dogo upande wa ndani. Unga mweusi wenye maji unamaliza ubishi.

Kwa matengenezo, moteri, tangi la mafuta na betri hutolewa kwanza. Kuni ya zamani hutolewa hata kama ni vipande, kwa sababu ndiyo kipimo cha mpya. Tripleksi isiyoogopa maji, tabaka mbili za milimita 18 ama 19, hugandishwa kwa epoksi mpaka unene uwe sawa na wa zamani. Kingo zote hupakwa epoksi. Matundu ya bolti hutobolewa makubwa, hujazwa epoksi, kisha hutobolewa upya, ili maji yasiiguse kuni tena. Kuni iliyotiwa dawa ya shaba haifai kabisa, maana shaba hula alumini. Bolti ziwe za inoksi, na zizungushiwe gundi ya kuzuia maji. Maji ya Kivu yenyewe si ya upole: pH yake juu hufika karibu 9, kiwango kinachoweza kudhoofisha ngozi inayolinda alumini.

Bati likiwa na ufa, kuchomelea kwake kunahitaji mashine ya gesi ya argoni, si ile ya kuchomelea mageti. Kazi hiyo hufanywa kabla kuni haijarudishwa.

Urefu wa ubao nao usibadilike: sentimita 38 hivi kwa moteri ya mguu mfupi, 51 kwa mguu mrefu. Ukizidi, pangaboi hunyonya hewa.

Siku ya kwanza boti hujaribiwa karibu na ufuko bila abiria. Ikirudi, bolti hukazwa tena, na ndani hukaguliwa kama kuna maji yaliyopenya.