Je, Wajua? Kwa nini diski ni C
Diski kuu ya kompyuta ya Windows huitwa C kwa sababu A na B zilikuwa za disketi. Disketi zimetoweka, lakini C haijapandishwa cheo!

Jaribu kuita folda “con”. Windows itakataa katakata. Tangu enzi za DOS, jina hilo ni la kibodi na skrini.

Linus Torvalds alianza kuunda Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel 386. Mwaka 2012 sehemu ya Linux inayohudumia 386 ikafutwa. Mashine hiyo haiwezi kuendesha Linux ya leo.

Aprili 1998, Chicago: skana ilichomekwa kuonyesha Windows 98 inavyotambua vifaa yenyewe. Skrini ikageuka buluu, kompyuta ikagoma, Bill Gates akiwa jukwaani.