Funza kwenye tende: Kabla umlaumu muuzaji wa tao, soma hii

Kama umewahi kupasua tende ukapata kiwavi mweupe amejikunja kando ya kokwa, unajua vile roho hushtuka. Wengi hutupa pakiti nzima. Wengine hupiga picha, wakaituma kwenye grupu ya familia na onyo moja: msinunue tende za tao. Basi. Kijana aliyekuwa amepanga tende zake kwa meza amepoteza wateja kumi kabla ya adhuhuri.

Hebu tupoe kwanza. Huyo mdudu ana historia ndefu kuliko hiyo meza.

Ni nondo, si uchafu

Anayekula tende ni mtoto wa nondo. Kwenye maghala, wawili ndio sugu. Kuna Plodia interpunctella, mwenye mabawa nusu kijivu, nusu rangi ya shaba. Halafu kuna Cadra cautella, ambaye ni kijivu tu. Ni ndugu wa vile vinondo hurukaruka jikoni ukifungua mkebe wa njugu uliokaa sana.

Nondo mzima hata hali tende. Kazi yake ni kutaga, na jike mmoja wa Plodia anaweza kuacha mayai 100 hadi 400. Mayai yenyewe ni madogo kiasi kwamba jicho huyapita tu. Kiwavi akianguliwa huingia ndani, anakula, anaacha kinyesi na utando kama wa buibui. Kukiwa na joto, kutoka yai hadi nondo mpya ni kama mwezi mmoja au miwili. Fikiria katoni iliyokaa stoo miezi mitatu.

Wengine huanza kazi mtini kabisa. Tunisia na Algeria, wakulima wa Deglet Noor wanapambana na nondo wa karoba, ambaye hutaga karibu na kile kikofia cha tende. Oman kuna humeira. Huyu hushambulia tende changa, akazifunga kwa nyuzi zake hadi zikauke na kuwa nyekundu. Jina lake lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la wekundu.

Kila aina na udhaifu wake

Kenya tuna mitende Turkana, Garissa, Wajir na Mandera, lakini tende nyingi unazoona Nairobi zimevuka bahari. Maduka ya karibu na Msikiti wa Jamia yatakupangia Ajwa nyeusi ya Madina, Sukkari ya rangi ya dhahabu na nyinginezo. Supamaketi za Westlands zinakuwekea Medjool kubwa kwenye boksi safi. Ukirudi Kangemi au Kawangware, utapimiwa zile za bei nafuu zilizoshikana, kutoka kwa katoni iliyo wazi.

Usidanganywe na bei. Nondo hajui hii ni ya matajiri. Anachotafuta ni mlango. Tende iliyopoteza kikofia, iliyopasuka, au ambayo ganda limejitenga na nyama likaacha mfuko, inampa kiwavi pa kuingilia na pa kujificha. Kwa hivyo Medjool yenye ganda lililojikunja na kuachana inastahili kuangaliwa kama ile ya kupimwa. Zile kavu nazo si salama eti kwa sababu ni ngumu. Hukaa stoo muda mrefu, na muda ndio rafiki mkubwa wa nondo.

Hasara inaangukia nani?

Kabla ya kusafirishwa, tende hupuliziwa gesi ya kuua wadudu au kuwekwa kwenye baridi kali. Zamani gesi iliyotegemewa ni methili bromaidi. Kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, Mkataba wa Montreal uliziwekea nchi zinazoendelea mwaka 2015 kuwa mwisho wa kuitumia, isipokuwa kwa karantini na kabla ya kusafirisha mizigo. Lakini gesi haibaki kulinda. Katoni ikifunguliwa kwenye ghala lenye nondo, mambo yanaanza upya.

Sasa mwangalie kijana wa mtaani. Amekopa doo, akanunua katoni mbili Ramadhani ikikaribia. Mwagizaji ana chumba cha baridi, yeye ana keja ya mabati. Idd ikipita, wateja wanapungua, katoni moja inabaki chini ya kitanda. Miezi miwili baadaye imejaa utando. Mzigo ulipita mikono mingi, lakini aibu na hasara zote zimemwangukia wa mwisho. Na pengine yai lilikuwa ndani siku aliyolipa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fanya hivi

Kama unauza, omba katoni ifunguliwe kabla hujalipa. Pasua tende tano kutoka juu, katikati na chini. Ukiona utando au vumbi jeusi karibu na kokwa, rudisha. Nunua kidogo kidogo hata kama faida inapungua. Mkiwa wauzaji watatu, changeni mkodishe nafasi kwenye friza ya mtu. Wiki moja kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri huua mayai, viwavi na nondo wote. Baada ya hapo, weka kwa mkebe wenye kifuniko kinachobana, maana Plodia hutoboa mfuko wa plastiki.

Kama unanunua, pasua kila tende kabla ya kuitia mdomoni. Si mbwembwe za kisasa. Katika hadithi zilizokusanywa na Abu Dawud, Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume aliletewa tende za zamani, akawa anazikagua na kuwatoa wadudu. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kumlaani muuzaji.

Hata kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu tende, cha mwaka 1985, kinakataa mdudu hai lakini kinavumilia sehemu ndogo ya tende zenye alama za wadudu. Wanaotunga sheria wanajua nondo haishi.

Kwa hivyo ukipata kiwavi, rudi kwa aliyekuuzia kabla ya kuposti. Mwonyeshe, mwombe akubadilishie, na umwambie ile siri ya friza. Akikataa kukusikiliza, hapo sasa hama meza.