Mtoto ana kisukari? Usimnyime ugali, mpimie

Mzazi wa Mbeya au Iringa akiambiwa mwanawe ana kisukari, wazo la kwanza huwa ni kuondoa vyakula: ugali basi, viazi basi, ndizi basi. Jirani naye anaongeza, "Mpe mboga tu." Kwa mtoto mdogo, huko ni kumuumiza.

Watoto wengi wenye kisukari wana kile cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili inaharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakiletwi na pipi wala soda, na hakuna mlo wala mitishamba inayochukua nafasi ya sindano. Kabla ya insulini kuanza kutumika Toronto, Kanada, mwaka 1922, madaktari waliwanyima watoto hawa chakula ili wawaongezee siku. Walikonda, na mwisho walikufa.

Kuna hatari nyingine pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wana udumavu, na huo ni mkoa wenye chakula tele. Mtoto mwenye kisukari anahitaji kula na kukua kama wenzake.

Kipimo kilekile, muda uleule

Ugali, wali wa Kyela, viazi na ndizi za Tukuyu vyote ni wanga, na wanga hugeuka sukari mwilini. Shida inakuja pale mtoto anapokula tonge mbili leo na sahani nzima kesho, huku dozi ya insulini ni ileile. Mtengee bakuli au kikombe chake cha kupimia, na ale kwa saa zilezile.

Wanga usiwe peke yake. Weka maharage, dagaa, yai, mboga za majani au kipande cha parachichi, ili sukari ipande taratibu. Uji usitiwe sukari. Soda na juisi zisiwe vinywaji vya kila siku.

Kama mtoto anasumbua kula, mwambie daktari. Kuna insulini ambazo anaweza kuelekeza zichomwe mara tu baada ya mlo.

Sukari ikishuka

Chini ya 4 kwenye mashine (mmol/l) ni hatari. Mtoto mdogo hawezi kujieleza, hivyo angalia: anatetemeka, anatoka jasho, analia bila sababu au anasinzia ghafla. Mpe sukari iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, kama kijiko kimoja cha chai kwa mtoto wa kilo 15. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia.

Akipoteza fahamu, usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Kucheza sana na kupanda milima kwenda shule pia hushusha sukari. Mwalimu ajue, na mtoto awe na sukari kidogo kwenye begi.

Akiugua, insulini isikatwe

Wazazi wengine huacha sindano kwa kuwa mtoto hajala. Hilo ni kosa linaloua. Ugonjwa unaweza kupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Pima mara kwa mara na upate maelekezo ya dozi kwa daktari. Akitapika, akihema kwa nguvu au mdomo ukitoa harufu kama ya matunda, usisubiri kupambazuke. Dalili hizi mara nyingi hudhaniwa ni malaria au nimonia, kwa hiyo omba apimwe sukari.

Nunua daftari moja. Andika saa, chakula, dozi na kipimo, kisha nenda nalo kliniki, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa wa Iringa. Daktari akiliona, atajua kama cha kubadilisha ni dozi au ni sahani.